Kutoka Gridi ya 32 kwa 32 hadi WebP: Historia ya Ugeuzaji wa Ikoni za Kale na Kinachopotea Njiani

Makala haya yanachunguza historia ya ikoni za kompyuta zilizochorwa kwa pikseli na namna zinavyohamishiwa katika fomati za kisasa za wavuti. Hoja kuu ni kwamba ugeuzaji huo unakaribiana na tafsiri. Kila fomati ina sarufi yake, na yapo yaliyosemwa kwa sarufi ya kale ambayo sarufi mpya haina namna ya kuyasema.

Januari 1984, kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta ya Macintosh. Ikoni zake, zilizobuniwa na Susan Kare, zilichorwa katika gridi ya pikseli 32 kwa 32. Kila pikseli ilikuwa nyeusi au nyeupe, hivyo picha nzima ilichukua biti 1,024, yaani baiti 128. Katika ufinyu huo, kusogeza pikseli moja kulitosha kubadili sura ya mchoro. Windows 3.0 ya mwaka 1990, ambayo Kare pia aliichorea ikoni, ilizoesha watumiaji rangi 16. Faili la ICO lenye ikoni moja ya aina hiyo lina baiti 766: 22 za saraka, 40 za maelezo ya picha, 64 za orodha ya rangi, 512 za picha yenyewe, na 128 za kinyago kinachobainisha sehemu za kuachwa wazi.

Wavuti ulileta mahitaji mapya. Fomati ya GIF, iliyotolewa na CompuServe mwaka 1987, ilitumia mbinu ya ubanaji iliyokuwa na hataza ya kampuni ya Unisys. Desemba 1994 ilipotangazwa kwamba watengenezaji wa programu wangetakiwa kulipia leseni, wataalamu walibuni PNG, iliyopendekezwa rasmi na W3C Oktoba 1996. Septemba 2010, Google ilitangaza WebP, kwanza kwa ubanaji unaopoteza sehemu ya data. Ubanaji usiopoteza ulitangazwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo, fomati hizi zilizaliwa na sheria na biashara sawasawa na zilivyozaliwa na uhandisi.

Ni nini basi hupotea? Kwanza, WebP inayopoteza data huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, hivyo pikseli nne hugawana sampuli moja ya rangi. Kwa picha ya mandhari, jicho halitambui. Kwa ikoni ya 32 kwa 32, gridi ya rangi hubaki 16 kwa 16, na mstari mwekundu wenye upana wa pikseli moja huchujuka. Pili, kinyago cha ICO kikiungana na picha kinaweza kuagiza pikseli igeuze rangi yoyote iliyo nyuma yake kwenye skrini. PNG na WebP zina viwango vya uwazi tu. Agizo la kugeuza hazina. Tatu, faili moja la ICO huweza kubeba ikoni ileile kwa ukubwa mbalimbali, kila mmoja ukiwa umechorwa upya kwa mkono. Mgeuzaji akichukua ukubwa mmoja, michoro mingine huachwa.

Jambo hili linatuhusu. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni sehemu ya historia ya istilahi za Kiswahili. Katika programu, neno la menyu husomwa pamoja na ikoni iliyo kando yake. Mtafiti wa kesho atakayechunguza jinsi istilahi zilivyopokelewa atavihitaji vyote viwili.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu kwa wasimamizi wa nyaraka za kidijitali. Faili asilia lihifadhiwe daima, kwani baiti 766 si mzigo kwa hifadhi yoyote. Nakala ya wavuti itengenezwe kwa ubanaji usiopoteza data, na programu iamriwe isibadili rangi zilizo chini ya sehemu zilizo wazi. Mwisho, kila nakala iandamane na maelezo ya fomati iliyotoka, ukubwa uliochaguliwa na kilichoshindikana kuhamishwa. Nakala ikikosa maelezo hayo, msomaji ataidhani kuwa ndiyo asili.