Kamera za Wanawake Mzima, na Waliobaki Nje ya Picha

Ukitaka historia ya wanawake na kamera Taita Taveta, anzia majini, katika chemchemi ya Mzima, Tsavo Magharibi. Hapo ndipo Joan Root, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1936, binti wa walowezi wa Kizungu, alipozamia na mumewe Alan kurekodi maisha ya viboko. Safari moja kiboko alimvamia Joan, jino likatoboa barakoa yake ya kuzamia na kumkosa uso chupuchupu, kisha akamng'ata Alan mguuni. Sifa nyingi zilimwendea Alan. Joan ndiye aliyeendesha kambi: chakula, magari, vifaa, hadi wanyama yatima. Filamu yao kuhusu mchwa, Mysterious Castles of Clay (1978), iliteuliwa kuwania Oscar. Joan aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Naivasha, Januari 2006.

Baadaye Victoria Stone na mumewe Mark Deeble wakaenda kurekodi pale pale Mzima, kisha wakapiga kambi Tsavo miaka kadhaa kutengeneza The Elephant Queen, filamu ya ndovu jike iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2018. Hapo jina la mke liko kwenye uongozaji, sawa na la mume.

Kazi nzuri, hakuna ubishi. Ila Kenya inayoonekana katika filamu hizo haina wenyeji.

Wenyeji walikuwa wameshapata kamera kwingine: mwaka 1992 Anne Mungai alitoa Saikati, na huhesabiwa kuwa Mkenya mwanamke wa kwanza kuongoza filamu ndefu ya kuigiza. Humo, msichana wa Kimaasai anayetaka kusoma anakimbia ndoa ya kulazimishwa hadi Nairobi. Mbuga zimo, watalii wamo, lakini safari hii kamera inamfuata binti wa nyumbani, na watalii ndio wapita njia. Kwangu, hapo ndipo sinema yetu ilipogeuza shingo.

Taita bado inasubiri Saikati yake. Takriban asilimia 62 ya kaunti ni hifadhi. Maji ya Mzima yanakwenda Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na malalamiko ya wenyeji kwamba wao wanabaki na kiu ni ya zamani. Huko Sagalla, Taita, ndovu akiingia shambani usiku, kina mama hupiga madebe kuokoa mahindi. Nao wanaweza kukusimulia kisa cha ndovu jike kwa namna yao wenyewe, mtengenezaji filamu akiwauliza.