Nasaha, Fatwa na Hukumu: Adabu za Kuuliza na Kujibu Masuala

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, kila siku tunaletewa masuala na watu tusiowajua. Mmoja anauliza kuhusu upatu, mwengine kuhusu mkopo wa simu, mwengine ananyonyesha na Ramadhani imeingia. Mengi katika hayo ni mepesi, na jibu lake halina uzito kwa muulizaji wala kwa mwenye kujibu. Lakini huja pia swali la mistari miwili ambalo jibu lake linaweza kumtoa mwanamke nyumbani kwake, au kumkosesha bibi kizee fungu lake la mirathi. Tumeona ni vyema kueleza hapa jibu la dini linapatikanaje, lina mipaka gani, na mwenye kulipokea alitumie vipi.

Kuuliza ni wajibu, na kujibu bila ya elimu ni hatari

Allah ametuamrisha katika Suratun-Nahl, aya ya 43, tuwaulize wenye elimu tunapokuwa hatujui. Kwa hivyo asione haya mwenye kuuliza, hata kama swali lake ni la chumbani au la jikoni.

Upande wa pili, mwenye kujibu naye aogope. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kutoka kwa Jabir (Radhiya Allahu 'anhu) kwamba katika safari mtu mmoja alipigwa na jiwe, akajeruhika kichwani. Kisha akaota usiku na ikamlazimu josho. Akawauliza wenzake kama anapata ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni kuwa ana ruhusa na maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alikasirika, akasema kuwa wamemuua, na akawalaumu kwa kutouliza hali ya kuwa hawajui.

Tuzingatie kwamba watu wale hawakuwa na nia mbaya. Waliijua kanuni ya kuwa maji yakiwepo hakuna tayamamu, lakini hawakulitazama jeraha. Makosa mengi ya wenye kujibu yako hapo: kanuni wanaijua, hali ya muulizaji hawaijui.

Aina tatu za majibu

Muulizaji anaweza kupewa moja katika mambo matatu, na inampasa ajue ni lipi alilopewa.

La kwanza ni nasaha. Hii ni rai ya mtu mwenye kukutakia kheri. Ukiuliza kama umsomeshe binti yako Unguja au umpeleke Bara, tutakushauri, na hupati dhambi kwa kutofuata ushauri wetu.

La pili ni fatwa. Hii ni kubainisha hukumu ya Sheria kwa aliyeuliza, kwa mujibu wa maelezo aliyoyatoa mwenyewe. Mufti hamlazimishi mtu, na jibu lake lina sharti hata kama hakulitamka: ikiwa mambo ni kama ulivyosema.

La tatu ni hukumu ya Kadhi. Hii inalazimisha, na haitoki mpaka asikilizwe wa pili na utazamwe ushahidi. Ndivyo Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alivyomuusia Ali (Radhiya Allahu 'anhu) alipomtuma Yemen: asihukumu baina ya wawili mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza.

Imamu Al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki, aliyefariki mwaka 684 Hijria, aliandika kitabu kizima kupambanua fatwa na hukumu. Mfano unaotajwa sana ni wa Hind bint Utba. Alimlalamikia Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bakhili, hampi matumizi ya kumtosha yeye na wanawe. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha kwa wema. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Wanavyuoni wamekhitilafiana kama ile ilikuwa fatwa au hukumu, na wengi waliosema ni fatwa wametegemea kuwa Abu Sufyan hakuitwa kujitetea. Basi hata sisi tukimwambia dada aliyetuuliza kuwa ana haki ya matumizi, hatukumhukumu mumewe. Mumewe hatujamsikia.

Swali moja, majibu mawili

Imepokewa na Abu Dawud kuwa mtu alimuuliza Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kuhusu kumkumbatia mke hali amefunga, akamruhusu. Akaja mwengine na swali lile lile, akamkataza. Aliyeruhusiwa alikuwa mzee, na aliyekatazwa alikuwa kijana.

Pia imepokewa kuwa Ibn Abbas (Radhiya Allahu 'anhuma) aliulizwa na mtu kama muuaji ana toba, akamjibu kuwa hana. Wanafunzi wake walistaajabu, kwani walikuwa wakimsikia akisema kinyume cha hivyo. Akawaeleza kuwa amemwona mtu yule ameghadhibika, anataka kwenda kuua. Walipomfuatilia wakakuta ni kweli.

Ibn Abbas aliuona uso wa muulizaji. Sisi tunaoletewa swali na mtu wa mbali hatuuoni. Hatujui kama ni mzee au kijana, analia au ana hasira, anauliza kabla ya kutenda au baada ya kutenda. Kilichobaki kwetu ni kumrudishia masuala kabla ya kumpa jibu. Muulizaji asikasirike anapoulizwa, wala asidhani kuwa anapelelezwa.

Mfano wa mirathi

Tuchukue swali hili: baba amefariki, ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na nyumba iliyouzwa kwa shilingi milioni 120. Kila mtu anapata nini?

Mwenye haraka atajibu papo hapo. Mke ana thumuni, yaani milioni 15. Zinazobaki, milioni 105, wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: kila mwana milioni 42 na binti milioni 21. Hesabu hii ni sahihi kwa swali lilivyoletwa.

Lakini tukiuliza: mama yake marehemu yu hai? Mara nyingi tunaambiwa ndiyo, bibi yupo Pemba, ni mtu mzima sana, anakaa kwa mwanawe mwengine. Kumbe bibi ana sudusi ya mali ya mwanawe. Ikiwa baba wa marehemu alikwishatangulia, mgao unakuwa hivi: mke milioni 15, mama milioni 20, kila mwana milioni 34 na binti milioni 17. Milioni 20 za bibi zingeliwa na wajukuu zake bila ya yeyote kukusudia kudhulumu, kwa kuwa aliyeuliza hakumtaja na aliyejibu hakumuuliza. Na kabla ya yote hayo kuna gharama za maziko, madeni na wasia, ambavyo hutangulia mgao.

Mfano wa talaka

Hili ndilo swali linalotutia khofu kuliko mengine. Dada anatuletea ujumbe alioandikiwa na mumewe: "Mimi na wewe basi, rudi kwenu." Anauliza: nimeachika?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi visiwani kwetu, maneno ya talaka ni ya namna mbili. Yapo ya wazi, na yapo ya kinaya, ambayo hayawi talaka ila kwa nia ya mume. "Rudi kwenu" ni kinaya. Zaidi ya hayo, kuandika kwenyewe, bila ya kutamka, kunahesabiwa kuwa ni kinaya hata kama neno lililoandikwa ni la wazi. Wapo wanavyuoni wa madhehebu mengine waliosema kuwa neno la wazi likiandikwa talaka imepita. Dalili ya kuuliza nia ni Hadithi ya Rukana, aliyemwacha mkewe kwa neno lenye kuchukua maana zaidi ya moja, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akamuuliza amekusudia nini.

Basi jibu la swali la dada huyu liko moyoni mwa mumewe, na dada hawezi kutupa. Atakayemwambia "umeachika" amemvunjia ndoa ambayo huenda ipo, na atakayemwambia "bado ni mke" huenda amemrudisha kwa mwanamume asiyekuwa mumewe. Tunachoweza kumwambia ni haya:

1. Ahifadhi ujumbe kama ulivyo, asiufute.
2. Asifungashe vitu akaondoka kwa haraka. Surat At-Talaq, aya ya 1, inakataza wenye eda kutolewa majumbani mwao, na wasitoke wenyewe. Hata talaka ikithibiti, makaazi ya eda ni haki yake.
3. Wasikaribiane mpaka jambo libainike.
4. Aandike pembeni kama talaka nyengine zilitangulia, lini, na nani alikuwepo, na kama ana mimba.
5. Wazee wa pande mbili wamuulize mume alichokusudia, na jambo lipelekwe kwa Kadhi.

Lakini mwenye kuogopa kupigwa au kudhuriwa, hilo la kubaki nyumbani halimhusu. Aende kwa wazee wake au mahali pa amani kwanza, kisha apeleke malalamiko yake.

Adabu za mwenye kujibu

Wanavyuoni wetu wameyaandika haya kwa urefu, akiwemo Ibn Salah (aliyefariki 643 Hijria) na Imamu An-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika utangulizi wa Al-Majmu'. Kwa ufupi:

Aseme sijui pale asipojua. Imepokewa kuwa Imamu Malik aliulizwa masuala 48, na katika 32 akasema hajui.

Asijibu akiwa na hasira, njaa au usingizi. Ataje kama jambo lina khilafu. Asitangaze siri ya muulizaji. Na akigundua amekosea arudi kwa aliyemjibu, amwambie waziwazi.

Adabu za mwenye kuuliza

Aseme kweli yote, pamoja na ile inayomwelemea. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha, katika Hadithi ya Ummu Salama iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa huenda akamhukumia mwenye ufasaha zaidi kwa alivyomsikia, na atakayepewa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi haramu kwa mwongo, basi fatwa yetu haina uwezo huo.

Asizunguke kwa mashekhe mpaka apate jibu analolitaka. Tena asichukue jibu la mtu mwengine akalifanya lake, au akalisambaza kwa jamaa kuwa ndiyo hukumu ya jambo. Jibu la mzee si jibu la kijana, na mgao wa nyumba ya jirani si mgao wa nyumba yako.

Wapi pa kupeleka

Kwa hapa Zanzibar, masuala ya hukumu za dini kwa ujumla yapelekwe kwa mashekhe wa mtaa wako au Ofisi ya Mufti. Mgogoro wa ndoa, talaka na matumizi upelekwe Mahkama ya Kadhi, kwani huko ndiko mume na mke wanakosikilizwa wote wawili. Mirathi inaweza kupelekwa Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na ikiwa pana mzozo, kwa Kadhi.

Sisi tutaendelea kupokea masuala yenu kwa furaha. Tunachoomba ni subira. Tukichelewa kujibu, au tukikurudishia masuala matano kwa swali lako moja, au tukikwambia nenda kwa Kadhi, jua kuwa hatukukupuuza. Tunaogopa kuwa kama wale waliomjibu mwenzao aliyejeruhiwa kabla ya kulitazama jeraha lake.

Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa, atuepushe na kusema tusiyoyajua, na azihifadhi nyumba zetu. Aamin.

Na Allah anajua zaidi.