Kabla Hujaitupa Mashine: Historia Fupi ya CD na Magonjwa Yake

Nyumbani kwetu kuna mashine ya kupigia CD iliyonizidi umri. Marehemu baba alikuwa baharia. Aliinunua mkononi mwa mtu katika mji mmoja wa bandari huko Ulaya mwaka 1991, ikiwa imeshatumika, akaibeba hadi Dar es Salaam kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Si mchezo, inakaribia kilo 14. Enzi hizo mtaa mzima ulikuwa na redio kaseti, na mwenye CD alihesabika kuwa mtu mzito. Jina la kampuni iliyoitengeneza silitaji, maana sikuja hapa kugombana na mtu.

Baba alipofariki, mashine ilikaa kimya mwaka mzima. Siku tulipoiwasha, taa iliwaka vizuri tu, lakini trei iligoma kutoka. Ndani tulisikia mota ikizunguka bure, zzzz, basi. Fundi wa kwanza aliitazama dakika tano akasema, "Leza imekufa, kijana. Hii peleka chuma chakavu." Kaka akaunga mkono. Mama hakusema neno. Kumbe alikuwa akijua jambo ambalo sisi tulikuwa tumelisahau: ndani ya trei ile ilibaki CD ya mwisho aliyoisikiliza baba.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia. Nilitaka kumjua mgonjwa kabla sijakubali azikwe.

Kampuni mbili, meza moja

Kabla ya CD, muziki ulikaa kwenye santuri na kanda. Vyote viwili huliwa na chombo kinachovisoma. Sindano hukwaruza santuri kila inapopita, na kanda husuguana na kichwa mpaka inachakaa. Wataalamu wa Philips huko Uholanzi wakajiuliza, je, isipokuwepo sindano? Mwanga wa leza ulikuwa umeshapatikana, kwani Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960. Mwanga haukwaruzi kitu.

Tarehe 8 Machi 1979, mjini Eindhoven, Philips waliwaonyesha waandishi wa habari kisahani kidogo chenye kipenyo cha sentimita 11.5 kikitoa muziki. Lakini kampuni moja ikiwa na mtindo wake na nyingine wake, mnunuzi anabaki njia panda. Kwa hiyo Philips walikwenda Japani wakakaa meza moja na Sony. Hapo yakaanza mabishano. Philips walitaka kila kipimo cha sauti kiandikwe kwa biti 14, Sony wakataka 16. Philips walitaka kisahani kibaki sentimita 11.5, Sony wakataka 12. Mwaka 1980 walikubaliana: biti 16, sentimita 12, vipimo 44,100 kila sekunde.

Kuna hadithi maarufu hapa. Husimuliwa kwamba ukubwa uliongezwa ili Simfonia ya Tisa ya Beethoven ienee yote kwenye CD moja, ndiyo maana tukapata dakika 74. Tena Norio Ohga, kiongozi wa Sony, alikuwa amesomea uimbaji wa opera, kwa hiyo hadithi inanoga. Lakini Kees Immink, mhandisi wa Philips aliyekuwemo kwenye kazi ile, amepinga maelezo hayo. Anasema nyuma yake kulikuwa na ushindani wa biashara: PolyGram, kampuni ndugu ya Philips, ilikuwa na kiwanda kilichojiandaa kwa sentimita 11.5, na kubadili ukubwa kuliwanyang'anya mbio. Mimi ninayeota kuandika riwaya nampenda Beethoven, lakini aliyekuwepo amesema, nasi tumsikilize.

Mnamo 17 Agosti 1982 kiwanda cha Langenhagen, karibu na Hannover huko Ujerumani, kilianza kuchapa CD. Miongoni mwa za kwanza ilikuwa The Visitors ya kundi la ABBA. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, Sony CDP-101 iliingia madukani Japani kwa yeni 168,000. Philips walikuja na yao, CD100. Na hapa pana kichekesho. Philips, kwa kuwa walikuwa wameshaandaa kifaa cha biti 14, hawakukitupa. Walikifanyisha kazi mara 4 kwa kasi zaidi, na kwa ujanja wa hesabu kikatoa usafi unaolingana na biti 16. Sony nao, wenye biti 16, walitumia kifaa kimoja cha kugeuza namba kuwa sauti, kikihudumia spika ya kulia na ya kushoto kwa zamu. Kila mtu alikuwa na upungufu wake akauzunguka kwa akili.

Mwanga unasoma nini?

Chukua CD uitazame. Chini ya ile plastiki kuna mstari mmoja tu, uliojiviringisha kama konokono kuanzia ndani kwenda nje. Ukiunyoosha unapita kilometa 5. Mzunguko mmoja na wa pili umeachana kwa maikromita 1.6, yaani unywele mmoja wa kichwani unaweza kufunika makumi ya mizunguko. Juu ya mstari huo kuna vishimo vidogo. Leza hupiga, mwanga unarudi kwa nguvu au kwa unyonge, na mabadiliko hayo ndiyo namba zenyewe.

Sasa fikiria kazi aliyonayo kijakazi anayeitwa lenzi. CD inazunguka mara 500 hivi kwa dakika leza ikiwa katikati, na mara 200 hivi ikifika ukingoni. CD yenyewe haijanyooka sawasawa, inapanda na kushuka. Lenzi inaning'inia kwenye vyuma laini sana, ikisukumwa juu, chini na pembeni kwa sumaku bila kupumzika, ili mwanga usitoke mstarini. Wengi waliipandisha leza kwenye kigari kinachoteleza kwenye reli. Philips katika mashine zao za mwanzo waliupa mkono unaozunguka kwenye egemeo, kama mkono wa santuri.

Na mikwaruzo je? Irving Reed na Gustave Solomon, wanahisabati wa Marekani, walichapisha mwaka 1960 njia ya kuandika namba ili zikipotea baadhi, zilizobaki ziwafichue waliopotea. CD imetumia njia hiyo. Pengo la karibu milimita 2 na nusu kwenye mstari linaweza kuzibwa lote, wewe ukiwa umekaa unakula ubwabwa hujui kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mashine hizi hufa ghafla machoni petu. Kanda ikichoka, unasikia sauti ikififia mwezi hadi mwezi. CD haikuambii. Inasahihisha, inaficha, inasahihisha tena, mpaka siku makosa yanapozidi uwezo wa kuyaficha. Siku hiyo inanyamaza, nasi tunasema, "Jana tu ilikuwa nzima." Kumbe ilikuwa inaumwa miaka.

Mgonjwa mezani

Nilimpata mzee mmoja, fundi redio wa zamani, ana meza yake barazani. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba leza imekufa. Akacheka. "Mwanangu, nani kaipima?" Nikanyamaza.

Kanuni yake ilikuwa hii: anza na cha bei rahisi, na usiguse usichokielewa. Alichomoa waya ukutani, akasubiri, maana kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima. Akafungua mfuniko. Alinionya nisichungulie lenzi mashine ikiwaka, kwa sababu mwanga wa leza ile, wenye nanomita 780, jicho haliuoni sawasawa, lakini wenyewe unaliona jicho.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa mkanda wa mpira unaovuta trei. Umelegea, unateleza, mota inazunguka bure. Ndiyo ile zzzz. Mafundi wengine huuchemsha kwenye maji ya moto ukajikunja, lakini hiyo ni dawa ya wiki chache. Mzee alitafuta mkanda mwingine kwenye kopo la vipuri vya deki za kaseti. Kabla ya kuuvisha, alizungusha gia kwa kidole, polepole, na trei ikatoka.

CD ilikuwepo. Ilikuwa ya taarab. Baba, ambaye miaka yote alimtania mama kwamba taarab ni kelele za kusutana! Nilipompelekea mama, aliishika muda mrefu, halafu akasema, "Mnafiki yule." Akacheka, akafuta macho. Nikamwambia nitaiweka kwenye kompyuta ya jirani asikilize jioni hiyohiyo. Akakataa. "Nitaisikia kwenye mashine yake."

Basi kazi ikaendelea. Mzee alisafisha lenzi kwa pamba na spiriti, kwa mkono mwepesi kama anayempaka mtoto wanja. Akafuta grisi iliyokuwa imeganda kama nta kwenye reli, akapaka mpya kidogo. Tukaijaribu. CD ikazunguka mara mbili, ikasimama. Lakini tulipoiacha inawaka nusu saa, ikasoma wimbo mmoja, kisha ikarukaruka.

Mimi nilikata tamaa. Mzee akafurahi. "Sikiliza," alisema. "Ikiwa baridi inakataa, ikipata moto inakubali. Leza iliyochoka haina tabia hiyo. Hizi ni kapasita." Akanifafanulia kwamba kapasita za aina ile zina maji ya dawa ndani yake, na kwa miaka 30 na zaidi dawa hukauka. Zikiwa za baridi hushindwa kutuliza umeme, zikipata joto hupata nafuu. Akapima. Palipotakiwa volti 5 zilizotulia, palikuwa na volti zinazoyumba. Alibadili mbili, akachomelea upya miguu iliyopasuka risasi yake. Mashine ikasoma kutoka wimbo wa kwanza.

Yule wa kwanza angefanyaje? Mzee alinionyesha kiskrubu kidogo kando ya leza. Fundi mwenye haraka hukizungusha kuongeza nguvu, CD inapiga siku mbili tatu, halafu leza inaungua kweli. Yaani anamuua mgonjwa kwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Mkanda na kapasita mbili kwa jumla havikufika bei ya kuku mmoja. Nasi tulikuwa tumebakiza siku moja kuikabidhi kwa muuza vyuma.

Wenzangu mnaojaribu kuandika, nilipofika nyumbani nilitoa hadithi yangu niliyoitangaza kuwa imekufa. Nilikuwa nimeilaumu leza yake, yaani wazo lenyewe. Nikaisoma upya kwa kanuni ya mzee. Wazo lilikuwa hai. Kilicholegea ni mkanda tu, sura ya pili.

Sidanganyi, leza ile nayo ina siku zake, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Itakuja siku hata mzee atatikisa kichwa. Lakini siku hiyo haijafika. Ijumaa jioni mama huiwasha mwenyewe, huvuta kiti, hukaa kimya trei ikiingia ndani.