Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Edward: Mitumbwi, Boti na Viboko

Ziwa Edward lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,325 hivi, na zaidi ya theluthi mbili za maji yake ziko Kongo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Magharibi, milima ya Mitumba inateremka hadi karibu na maji. Kusini, mito Rutshuru na Rwindi inaingia ikitokea kwenye tambarare ya nyasi. Kaskazini, mahali paitwapo Ishango, ziwa linaachia mto Semliki, unaopita kando ya milima ya Ruwenzori na kumwaga maji yake katika Ziwa Albert. Ufuko huo wa kaskazini uko mbali na miji mikubwa, na ndiko wasafiri walikokwenda kwa boti kutazama viboko, tembo na ndege wa majini.

Kwa mkaaji wa Rubaya, wilayani Masisi, ziwa la karibu si hilo bali ni Kivu: anateremkia Mushaki, anafika Sake, na maji hayo hapo. Lakini Kivu halina viboko wala mamba. Hata samaki aina ya sambaza wanaouzwa masokoni si wa asili ya ziwa hilo. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Uhaba huo ulitokana na moto wa ardhini. Zamani maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Edward. Volkano za Virunga zilipoinuka, lava iliziba njia, maji yakajaa, na mwishowe yakatoka kusini kupitia Ruzizi. Ndiyo maana mtu wa Masisi anayetaka kutazama wanyama wakubwa akiwa majini hana budi kuzipita volkano na kwenda Edward.

Huko Ishango watu wameishi kando ya wanyama hao tangu enzi za mbali sana. Mwaka 1950 mtaalamu wa jiolojia kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua vyusa vya mfupa, mabaki ya samaki, na kipande cha mfupa chenye mistari iliyochanjwa kwa makundi. Mfupa huo unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi na umehifadhiwa Brussels. Wanahisabati bado wanabishana kama mistari ile ni hesabu, kalenda au alama nyingine. Chini kidogo ya Ishango, kando ya Semliki, wachimbaji wengine walipata huko Katanda vyusa vya zamani zaidi, vinavyokadiriwa kuwa na miaka 80,000 hadi 90,000, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Waliovitengeneza walijua majira ya kambare kusogea kwenye maji madogo kutaga mayai. Ni elimu ya kutazama wanyama kwa subira, nayo ilitangulia darubini zote zilizoletwa na wageni.

Karibu na wakati wetu, mitumbwi ilibeba chumvi. Ng'ambo ya mashariki, katika nchi ambayo leo ni Uganda, kuna ziwa dogo la chumvi la Katwe, na wachuuzi walivuka maji kuipeleka pande za magharibi na kusini. Wenyeji waliliita Ziwa Edward Rwitanzige, lenye kuua nzige, jina ambalo Ziwa Albert nalo limepewa. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1889 akimsindikiza Emin Pasha kuelekea pwani, alilipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza. Katika miaka ya 1970 liliitwa Ziwa Idi Amin, hadi dikteta huyo alipoanguka mwaka 1979.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wengi ufukoni, na serikali za kikoloni zikawahamisha waliobaki. Ardhi iliyoachwa ikawa ya wanyama. Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Albert, iliyopewa jina la mfalme wao, ambaye mwaka 1919 alikuwa ametembelea hifadhi za Marekani. Mwanzo ililinda volkano na sokwe wa milimani. Kufikia 1935 mipaka yake ilikuwa imepanuliwa hadi ziwani na bonde la Semliki. Wenyeji walipokonywa ardhi ya mababu, na dhuluma hiyo haijasahaulika wilayani Rutshuru wala Lubero. Uvuvi uliruhusiwa katika vijiji vitatu tu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, hicho cha mwisho kikiwa jirani ya Ishango. Mwaka 1969 hifadhi ikaitwa Virunga, na mwaka 1979 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Miaka hiyo ya 1970 ilikuwa ya neema. Katikati ya miaka ya 1970 hifadhi ilikuwa na viboko karibu 29,000, wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Wageni walilala kwenye vituo vya Rwindi au Ishango, kisha wakapanda boti la mota. Nahodha alipunguza mwendo mapema, akajihadhari asikae kati ya kiboko na maji ya kina, kwa sababu huko ndiko mnyama hukimbilia akishtuka, na jike mwenye mtoto hupindua mtumbwi bila kusita. Palipo na viboko palikuwa na mwari, mnandi, mdiria na furukombe. Kule Vitshumbi ndege marabu walitembea katikati ya wavuvi wakigombania matumbo ya samaki, kama kuku wa nyumbani.

Wavuvi walikuwa na sababu yao ya kumthamini kiboko. Usiku hupanda malishoni akala nyasi kwa makumi ya kilo. Mchana hurudi majini na kuacha humo mavi yake. Mavi hayo hurutubisha mimea midogo ya maji, na tilapia hula mimea hiyo. Kwa hiyo aliyetazama kutoka botini na aliyetega nyavu walimtegemea mnyama yuleyule.

Mamba hawakuwa sehemu ya mandhari hayo. Waliishi humo enzi za kale, kama mifupa inavyoonyesha, kisha wakatoweka, na wasafiri wa karne ya 19 hawakuwaona. Walianza kuonekana tena katika miaka ya 1980, kwa huzuni ya wavuvi waliozoea kuosha nyavu wakiwa wamesimama majini.

Vita vya miaka ya 1990 vilivunja kila kitu. Askari, wanamgambo na majangili waliua viboko kwa ajili ya nyama na meno. Kufikia 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Samaki nao walipungua, huku waliokimbia mapigano wakizidi kujaa vijijini na nyavu za matundu madogo zikichukua hata samaki wachanga. Mwaka 2014 kampuni ya SOCO ilipima mafuta chini ya ziwa, ikaondoka baada ya kelele za wavuvi na dunia nzima. Julai 2018 wanajeshi wa Kongo na Uganda walipigana majini na watu wakafa. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa kazini, wengi wao vijana wenye familia.

Palikuwa na nafuu pia. Viboko walianza kuongezeka polepole, na mwaka 2020 tembo karibu 580 walionekana pamoja hifadhini, wengi wao wakiwa wamevuka kutoka Uganda. Lakini Machi 2024 waasi wa M23 waliteka Rwindi na Vitshumbi. Mwishoni mwa Aprili wakaingia Rubaya. Njia ya kutoka Masisi kwenda ziwani kupitia Rutshuru ikawa mikononi mwao, na aliyetaka kufika Ishango akabaki na njia ya kaskazini tu, kupitia Butembo na Beni.