Mchanga Usafishao Chuma

Kila mtu ajua ya kuwa chuma kikiachwa penye unyevu hushikwa na kutu, na rangi ipakwayo juu ya kutu haidumu, bali hubanduka upesi. Hapo zamani mafundi walisugua kutu kwa mikono, wakitumia brashi za waya na mawe, na kazi ndogo ikawachukua siku nyingi.

Katika mwaka 1870 mtu mmoja wa Philadelphia, katika nchi ya Marekani, jina lake Benjamin Tilghman, alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Njia yake ni hii: mchanga hutiwa katika bomba, ukasukumwa kwa nguvu ya mvuke au ya hewa iliyoshindiliwa, ukatoka mdomoni mwa bomba kwa kasi nyingi. Kila chembe hugonga chuma na kubandua kutu kidogo. Na kwa kuwa chembe ni nyingi mno, kitambo kidogo chuma huwa kitupu na safi. Tena hukwaruzika kidogo, na kwa hiyo rangi hushika vema.

Lakini faida hiyo ilikuwa na deni lake. Mchanga ukigonga chuma hupasuka, ukawa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Mfanyakazi hulivuta, nalo hukaa mapafuni. Mapafu hufanya makovu na kuwa magumu, pumzi hupungua, na wengi hufa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, nao hauna dawa ya kuuponya. Mara nyingi huja polepole, baada ya miaka mingi. Hivyo mtu huweza kudhani yu mzima, kumbe amekwisha kuumizwa.

Katika mwaka 1949 serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya kukataza mchanga katika kazi hiyo viwandani. Zikatumika chembe za chuma badala yake. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, katika viwanda vya Uturuki, vijana walipuliza mchanga juu ya nguo za jinzi, ili zionekane zimechakaa. Wengi wakapata ugonjwa ule ule, hata serikali yao ikakataza kazi hiyo mwaka 2009.

Ndugu msomaji, wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini pafu si ukuta. Likiisha kuharibika halijengwi tena.