Uambuaji wa Chuma na Uhuishaji wa Tindikali

Chuma kibanwapo baina ya magogo ya chuma yazungukayo, kingali chekundu kwa moto, hata kikawa bamba, hewa hukivika magamba ya oksaidi ya tabaka tatu, hematiti juu, magnetiti katikati, na wustiti iliyogusana na chuma chenyewe. Na maadamu magamba hayo yapo, si rangi wala zinki itakayoshika, ndiyo sababu chuma cha mabati yanayoezekea nyumba zetu hakina budi kupitishwa kwanza katika tindikali. Waingereza huita kazi hiyo kwa neno lile lile la kutia achari, lakini mfasiri akilifuata atampoteza msomaji, kwani embe hutiwa siki lipate kudumu, hali chuma hutiwa tindikali kipate kuvuliwa. Mimi nalipendelea neno uambuaji, nalo lasadifu hakika yenyewe: tindikali ya salfuriki hupenya katika nyufa za magamba, ikala tabaka ya chini na kidogo ya chuma, na haidrojeni inayofoka hapo ikayabandua yaliyo juu. Tangu miaka ya 1960 viwanda vingi vya mabamba vimehamia tindikali ya haidrokloriki, ambayo huyayeyusha magamba yenyewe na kuacha uso safi zaidi.

Taabu huanza tindikali inapochoka. Aghalabu husemwa kuwa imekwisha, walakini haikwenda popote. Imefungamana na chuma, na lita moja yaweza kubeba gramu mia na zaidi za chuma kilichoyeyuka. Ikimwagwa mtoni, ukali wake huua samaki, na chuma chake huyanyang'anya maji oksijeni. Kwa hiyo naiita tindikali iliyoshiba chuma.

Hapa yatupasa kutenga maneno mawili ambayo wengi huyachanganya. Tindikali ya salfuriki iliyoshiba ikipozwa, fuwele za kijani za salfeti ya chuma huzama, na ile tindikali iliyosalia huru hurudishwa birikani: huo ni urejeshaji, kwani kilichofungwa hakikufunguliwa. Ama tindikali ya haidrokloriki, kwa njia iliyoenezwa na Ruthner wa Austria, hunyunyizwa ndani ya tanuri, na kwa joto la mamia ya digrii, mvuke na oksijeni huivunja kloridi ya chuma. Chuma huanguka kikiwa unga mwekundu wa oksaidi, unaouzwa kwa watengenezaji wa rangi na wa sumaku za spika, na gesi ya kloridi ya haidrojeni hunyweshwa maji ikawa tindikali tena, yenye nguvu ya asilimia 18 hivi. Huo ndio uhuishaji, na karibu kloridi yote hurudi kazini.

Nawasihi watunzi wa kamusi zetu za sayansi wayaandike maneno haya mawili mbalimbali, kila moja na maana yake, ili mwanafunzi wa ufundi asije akafundishwa kuita maji machafu kitu ambacho tanuri laweza kukirudisha kiwandani.