Wanawake Waliojitolea kwa Sindano

Ewe msomaji, fikiri juu ya mwanamke aumwaye chini ya kitovu, si siku moja wala juma moja, bali miezi sita na kuzidi. Amekwenda hospitali, amepimwa damu, na mwisho tabibu amepitisha mrija mwembamba wenye taa tumboni mwake ili achungulie. Kisha ameambiwa kwamba hakuna kilichoonekana. Maumivu yake, hata hivyo, yangaliko. Wazee wa pwani waliyatia maumivu mengi ya namna hii katika jina moja, chango. Matabibu huyaita maumivu sugu ya fupanyonga. Pengine chanzo ni endometriosi, yaani tishu mfano wa ile ya ndani ya mji wa mimba kuota mahali pasipo pake, maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa yamewapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190. Pengine ni kibofu, au makovu, au mishipa ya fahamu. Na pengine chanzo hakijulikani kabisa.

Wako wanawake wa hali hiyo waliojiandikisha katika majaribio ya tiba ya sindano za Kichina, hali hawana ahadi ya kupona. Kwa nini? Ili kuwaelewa hatuna budi kurudi nyuma.

Wayunani wa kale waliamini ya kuwa mji wa mimba waweza kutangatanga mwilini na kumsumbua mwenyewe. Imani hiyo ilidumu karne nyingi, na mara nyingi mwanamke aliyelalamika alihesabiwa kuwa mwenye wazimu kidogo. Mwaka 1872 tabibu Robert Battey, wa jimbo la Georgia katika Marekani, alianza kuwapasua wanawake wenye maumivu na kuwatoa vifuko vya mayai, hata vilivyokuwa vizima. Wengine walimwiga, Marekani na Ulaya. Wako waliokufa, na waliosalia hawakuzaa tena. La kushangaza ni kwamba matabibu hao hawakuwahi kulinganisha kwa haki waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Kila mmoja alitangaza ushindi wake mwenyewe.

Baadaye kosa likageuka upande wa pili. Baada ya dawa ya thalidomide kuwadhuru maelfu ya watoto tumboni, jambo lililofahamika mwaka 1961, watu waliogopa, na ilikuwa haki yao kuogopa. Basi mwaka 1977 serikali ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba wanawake wawezao kuzaa wasitiwe katika hatua za kwanza za kujaribu dawa. Hata mwaka 1993 ndipo sheria ya nchi hiyo ilipoagiza kwamba utafiti wa matibabu unaogharimiwa na taasisi za afya za serikali uwahusishe wanawake. Hapo kwanza walikatwa bila kupimiwa faida, kisha wakaachwa nje ya mlango.

Sindano zenyewe zina historia ndefu. Uchina imezitumia zaidi ya miaka 2,000, lakini usidhani zilipendwa siku zote: mwaka 1822 mfalme aliamuru zisifundishwe tena katika chuo cha matabibu wa kasri lake. Sifa zake zilienea Marekani mwaka 1971, wakati mwandishi wa gazeti James Reston alipopasuliwa kidoletumbo mjini Beijing. Wengi husimulia kwamba alipasuliwa kwa sindano tu. Sivyo. Alipewa dawa ya kawaida ya ganzi, na sindano zilikuja baadaye, alipoumwa tumbo usiku.

Vidonge navyo havikutimiza tumaini. Uingereza, matabibu wengi waliwapa wanawake hawa gabapentini, hata jaribio la wanawake 306 lililotangazwa mwaka 2020 lilipoonyesha kwamba haikushinda kidonge kitupu kisicho na dawa, nayo iliwaletea wengi usingizi na kizunguzungu. Mtu aliyepita njia hiyo hashangazi akiinyoshea sindano mkono. Amechoka, ataka nafuu, na pengine ataka mwenziwe wa kesho asiambiwe kwamba hakuna kitu.

Lakini nadhani iko sababu nyingine, nayo huwasumbua sana watafiti. Mwaka 2008 wataalamu wa Boston walitangaza jaribio la watu 262 wenye ugonjwa wa matumbo, wengi wao wanawake. Sindano zilizotumika zilikuwa za bandia, zisizopenya ngozi. Baada ya majuma matatu, walioambiwa wangoje tu waliopata nafuu ya kutosha walikuwa 28 katika mia. Waliopewa sindano hizo na tabibu mwenye maneno machache, 44. Waliozipata kwa tabibu aliyewasikiliza kwa upole, 62.

Kwa hiyo wataalamu wa Edinburgh, walipowajaribu wanawake wenye maumivu ya fupanyonga, waliwagawa kwa kura mafungu matatu. Fungu moja lilipata sindano. La pili halikuguswa na sindano hata moja. Liliketi na mtaalamu wa tiba ya Kichina, likaulizwa habari zake, likasikilizwa. La tatu liliendelea na matibabu ya kawaida ya hospitali, yale yale yaliyokuwa yamekwisha kuwashinda. Wanawake hao waliambiwa habari za mafungu yote matatu kabla ya kura, nao wakatia sahihi.